Mrejesho: nimepimisha salmonela kwenye mabanda yangu hapa Mtwara, dokta nampa nyota 4

Wadau wa kuku wa Mtwara na Lindi, habari za jua. Niliahidi kwamba nikimaliza hili sakata la kupimisha mabanda salmonela (bakteria wa kwenye kuku na mayai anaeharisha watu) ntaleta mrejesho, ndo huu, na ni mrefu maana hela imenitoka na usingizi umenitoka, wenye haraka bei nimeiweka huko chini kabisa.

Kwa wasionijua, mi nafuga kuku wa mayai huku Mangamba, mabanda mawili, la kwanza lina matetea 320 na la pili lilikuwa na 240 (hiyo "lilikuwa" mtaielewa mbele). Miaka yote nauzia maduka, vijana wa chipsi na kina mama wanaooka keki, hakuna aliyewahi kuniuliza karatasi, wao wanauliza bei tu na kama mayai ni makubwa. Sasa mwaka huu nikabahatika kupata jiko moja linalopikia wafanyakazi wa kampuni, wanachukua trei 40 kila wiki na wanalipa kwa wakati, we fikiria mwenyewe, mtu anaelipa kwa wakati nje ya msimu wa korosho. Mwezi wa pili tu mpishi wao mkuu akaniita pembeni, akaniambia mama, mayai yako tunayapenda, ila bosi anataka karatasi inayoonyesha mabanda yamepimwa salmonela, na mtu atakuja kukagua usafi, la sivyo tutaagiza Dar. Mayai yapande basi yasafiri kilomita zaidi ya 500 na mi nipo hapa nayaangalia? Nikasema hapana, karatasi ntaleta.

Nikaulizauliza nikaelekezwa kwa jamaa mmoja anaejiita mtaalamu wa kuku, jina naliacha maana sitaki kesi. Akaniambia mama wala usihangaike, niletee mayai sita na kuku mmoja hapa dukani na elfu 70. Nikapanda bajaji na kuku kwenye kikapu, nimefika pale akapasua yai moja kwenye kisosi akalinusa, akamfunua kuku jicho, akamwangalia huku nyuma, afu akaingia chumba cha ndani. Saa moja haijatimia katoka na karatasi ina mhuri wa duara, imeandikwa kuku hawana salmonela. Nilirudi nyumbani nimefurahi kama nimeuza korosho daraja la kwanza.

Nikampelekea mpishi, akaisoma akacheka, sio kicheko cha dharau, kile cha kumwonea mtu huruma. Akaniuliza mama, sampuli ilichukuliwa lini? Jana. Na majibu yametoka lini? Nikajibu jana, nikaanza kujisikia vibaya nikiwa bado naongea. Akanirudishia karatasi yangu taratibu.

Na hapa ndo nataka tuelewane kabla sijafika kwenye huduma yenyewe. Salmonela haionekani kwa macho, hainuki, yai lenye salmonela linafanana na yai zima kila kitu, na kuku mwenye nayo anaweza akawa anakula, anataga na kilemba chake chekundu tii. Ili uione lazima uioteshe, na kuotesha kunataka siku. Jinsi dokta alivyokuja kunieleza baadae ni kwamba ile sampuli ya mavi wanailoweka kwanza kwenye maji yenye chakula cha bakteria, inalala usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37 ili vijidudu vilivyochoka njiani vipate nguvu, kesho yake wanahamisha kidogo kwenye chakula kingine kinachowabana bakteria wengine na kuiachia salmonela itambe, hicho kinakaa nyuzi 41 na nusu siku moja mpaka mbili, ndo wanachota wanapaka kwenye visahani vyenye kitu kama jeli nyekundu, salmonela nyingi zikiota pale zinakuwa vitone vyenye weusi katikati. Na hapo bado hawajasema ndiyo, wanavichukua vile vitone wanavithibitisha kwa vipimo vingine. Kwa hiyo ni siku 5, na wiki nzima sio ajabu. Zipo mashine za kusoma vinasaba zinafupisha safari, lakini hata hizo kwa kawaida zinaanzia kwenye ule usiku wa kuotesha. Sasa mtu akikupa majibu ya salmonela ya banda zima ndani ya saa moja kwa kunusa kisosi, mjomba, hapo umenunua mhuri.

Na jina lenyewe halihusiani na samaki, mi nilidhani inatoka kwenye samaki wa kopo, kumbe kuna daktari wa mifugo wa Marekani aliitwa Daniel Salmon ndo wakaiita kwa jina lake. Haya tuendelee.

Mwenzangu mmoja anaefuga Mingoyo kule Lindi ndo akanipa namba ya huyu dokta ninaemwandikia. Ni kijana tu, daktari wa mifugo, ana kaduka ka dawa za mifugo na pikipiki moja, anazunguka mabandani anachukua sampuli mwenyewe anapeleka maabara, majibu yakitoka anarudi kukueleza. Jina lake siweki kwa sababu aliniomba mwenyewe, kasema mama ukinitangaza ntashindwa kuwahudumia, nipo peke yangu. Mnaomhitaji ulizieni kwa wafugaji wenzenu mtampata, Mtwara sio kubwa kivile. Na wanaopenda kwenda wenyewe serikalini, TVLA, yaani wakala wa maabara za mifugo, wana kituo hapahapa Mtwara, nendeni mkaulize.

Nilivyompigia tu akaniuliza swali ambalo yule wa mhuri hakuniuliza. Mama, kuku wamepata dawa yoyote wiki mbili hizi? Nikasema hapana. Akasema vizuri, usiwape, na tafadhali usisafishe banda mpaka nije. Jamani! Mi nilikuwa nishamwagiza kijana wangu wa kazi akoroge chokaa, apige deki, abadilishe maranda, kama tunapokea mkwe. Dokta akacheka kwenye simu, akasema mama ukisafisha leo mi ntapima usafi wa leo, mi nataka kupima banda lako la kila siku. Na dawa nayo hivyohivyo, ukimpa kuku antibayotiki leo bakteria wanajificha kwa muda, kipimo kinasema hamna, dawa ikiisha wanarudi, na karatasi tayari unayo ukutani.

Kosa lake la kwanza, aliahidi saa 2 asubuhi, kafika saa 5 na nusu. Hakupiga simu, hakutuma hata meseji. Nimekaa barazani kama nasubiri posa. Hapo nilishamkata nusu nyota.

Lakini alivyoanza kazi, aisee. Kabla hajagusa mlango wangu akatoa buti zake kwenye mfuko, akazisugua kwa brashi na sabuni hapo nje, akazimwagia dawa, akavaa ovaroli safi. Nikamuuliza dokta mbona hivyo, kwani hujatoka nyumbani? Akasema mama mi jana nilikuwa kwenye banda la mtu, nikiingia na buti za jana ntakuletea zawadi usiyoitaka. Nikakumbuka wauza chakula, wanunuzi wa mbolea na majirani wote wanaoingia kwangu na kandambili zao, hata mimi mwenyewe natoka sokoni kwenye banda la kuku wa kuuzwa nakuja moja kwa moja kuokota mayai.

Sampuli yenyewe mi nilitegemea atapasua mayai. Hapana. Alivaa soksi nyeupe za kitambaa juu ya buti, kazilowesha, akaanza kutembea bandani kila kona, anahesabu hatua kimoyomoyo, kwenye maranda, chini ya vichanja, karibu na vinyweshea, kwenye viota. Jozi mbili kila banda, na kila banda na soksi zake na mifuko yake imeandikwa tarehe na saa. Kuku wenyewe wanamfuata nyuma kama kiongozi wa msafara. Akanieleza kwamba yai moja moja kulipima ni kama kutafuta sindano baharini, maana hata kundi lenye ugonjwa mayai mengi yanatoka salama, ila mavi na vumbi la banda vinabeba habari ya kuku wote. Kisha akaweka mifuko kwenye boksi la barafu, kweli lilikuwa na barafu, ingawa pembeni ya sampuli nikaona kuna chupa ya soda yake. Dokta, nimeiona, usidhani sijaiona.

Afu akafanya kipimo kingine palepale ambacho nacho nakieleza maana watu wanakichanganya. Akashika kuku 20 kila banda, anatoboa mshipa chini ya bawa, tone la damu juu ya kigae cheupe, juu yake tone la dawa ya rangi ya zambarau, anachanganya na kijiti, anakitikisa kigae huku macho yake yapo kwenye saa. Ndani ya dakika 2 kama lile tone limekatikakatika kama maziwa yaliyoharibika basi kuku huyo damu yake imeshakutana na pulorum au taifodi ya kuku (magonjwa mawili ya kuku yanayoletwa na salmonela). Banda la kwanza hamna kitu. Banda la pili wawili wakakatika. Nikamwambia basi tushajua, akasema hapana mama, hiki ni cha kubisha hodi tu, kuna vitu vingine vinaweza kukifanya kidanganye, hata chanjo nyingine, tusubiri maabara.

Kabla mtu hajauliza, ile taifodi ya kuku sio taifodi yetu tunayoambiwa tunayo kila tukienda dispensari. Ya binadamu ina kijidudu chake kinachotoka kwa binadamu mwenzio, kuku hausiki. Salmonela za kuku zinazosumbua watu ni nyingine, hasa wanayoiita Enteritidis na Typhimurium, hizo ndo za kuharisha, homa, tumbo kunyonga, mtu mzima mara nyingi anapona mwenyewe kwa siku chache ila mtoto mdogo, mzee na mjamzito unaweza ukamlaza hospitali. Na hiyo Enteritidis ina ujanja wake, inakaa kwenye mfuko wa mayai wa kuku, kwa hiyo yai linaumbwa nayo ikiwa ndani tayari, ganda safi linang'aa na ndani yumo.

Wakati anafunga vitu vyake akaanza kutembea uani, hakuna aliyemwambia, na hapo ndo huduma ilipoanza kuuma. Kwanza stoo ya chakula, akainua gunia moja la pumba, chini kuna mavi ya panya mengi kama mbegu za ufuta. Akasema mama panya mmoja akiingia kwenye mavi ya banda la pili afu akaja kula humu, umemlisha banda la kwanza. Kisha akamuuliza kijana wangu, unaanza banda lipi asubuhi? Akajibu lolote. Kwa viatu vipi? Kijana akaangalia kandambili zake, zile zile za kwenda chooni. Nikatamani ardhi inimeze.

Halafu trei. Hapa naomba wote mnaosoma msimame kidogo. Mi kama ninyi, nikipeleka trei 5 kwa mtu wa chipsi narudi na trei 5 tupu, za kadibodi, zimeshapita kwangu, kwa jirani, sokoni, kwa mtu nisiyemjua Mikindani, zina madoa ya kiini kilichokauka na kinyesi, na nilikuwa nazirundika wapi? Ndani ya banda la pili, kwenye kona, kwa sababu panya walikuwa wanazila stoo. Dokta akaokota moja akaigeuza, akaniambia mama hii trei imetembelea mabanda mengi kuliko mimi. Akaipangusa na kipamba akaongeza kwenye sampuli bila kunidai. Nilikuwa nimekaza macho kwa kuku, kwa maji, kwa chakula, kumbe mgeni anaingia kila siku nikiwa nimembeba mwenyewe kichwani.

Siku za kusubiri zilikuwa 8, sio 5 alizosema, na simu akawa hapokei. Nyota nusu nyingine hiyo imeenda. Nikawa nasoma kwenye simu usiku, ndo nikajua kwamba Uingereza mwaka 1988 naibu waziri wao wa afya, Edwina Currie, alisema hadharani kuwa uzalishaji mwingi wa mayai ya nchi ile umeathirika na salmonela, watu wakasusa mayai na yeye akajiuzulu mwezi huohuo. Ila wakajirekebisha, wakachanja matetea, na toka 1998 mayai ya wanaofuata masharti yanagongwa alama ya simba. Marekani nao mwaka 2010 walirudisha mayai zaidi ya nusu bilioni kutoka mashamba ya Iowa, na kule mwenye kuku kuanzia 3,000 sheria inamtaka apimishe banda kundi likifika wiki ya 40 mpaka 45. Ulaya matetea yanapimwa kila wiki 15. Kila wiki 15! Na wanatumia soksi zilezile za kutembea bandani, nikajikuta nimetulia kidogo, kumbe dokta wangu hakubuni.

Majibu yakaja. Banda la kwanza safi. Banda la pili ipo. Na ile trei ipo.

Sitawadanganya, nililia. Ripoti ya maabara ilikuwa ya Kiingereza kitupu, kurasa mbili, ningeisoma peke yangu ningeelewa jina langu tu, ila dokta alikaa barazani karibu saa moja ananitafsiria mstari kwa mstari, na hapo nikamsamehe zile simu. Wameandika ni ya kundi D, ndo kundi lenye pulorum na taifodi ya kuku na pia ile Enteritidis, kujua ni ipi hasa kunataka kipimo kingine cha hela nyingine na muda mwingine. Kwa maamuzi ya siku ile akasema tuichukulie kwamba ni ile inayodhuru watu.

Jirani yangu, mfugaji wa siku nyingi na namheshimu, akaniambia dada, si uwape dawa ya kwenye maji siku 5 yaishe, nani atajua? Na kweli kila duka la dawa wanakuuzia bila kukuuliza. Nikamfikishia dokta hilo wazo kama vile limetoka kwangu, akakataa katakata. Kasema antibayotiki itapunguza vijidudu wasionekane, haitawamaliza, kuku atabaki amewabeba, mayai yatakuwa na mabaki ya dawa na huruhusiwi kuyauza mpaka siku za kusubiri ziishe, na mbaya zaidi unawafundisha bakteria kuishi na dawa, siku mjukuu wako akiugua hospitali wakimpa dawa ya ukoo huohuo haifanyi kazi. Marekani waliifuta enrofloksasini, moja ya hizo antibayotiki, kwenye kuku tangu 2005 kwa sababu hiyohiyo, na sisi tunaichota kwenye chupa kama juisi. Angeweza kuniuzia, dawa anazo dukani, faida angepata. Hajaniuzia. Kwangu mimi hapo ndo nyota zake nyingi zilipotoka.

Basi tukafanya hivi. Mayai ya banda la pili yakasimama kuuzwa siku ileile. Nikampigia mpishi wa jiko mwenyewe nikamwambia ukweli, moyo unaenda mbio, nikijua nimeshapoteza mteja, akanyamaza kidogo akasema asante mama, leta ya banda la kwanza tu kwa trei mpya, yakipungua tutaelewana. Kuku wa banda la pili walikuwa wiki ya 73, utagaji ulishashuka, ningewaondoa miezi miwili mbele hata hivyo, kwa hiyo dokta akamhusisha afisa mifugo, wakachinjwa kwa usimamizi na kwa maelekezo yao. Wenye kundi changa la wiki 30 naomba Mungu awaepushe maana hiyo hesabu nyingine.

Kusafisha ndo kazi. Mi nilikuwa najua kusafisha ni kumwaga dawa. Dokta akasema dawa ya kuua vijidudu ukiimwaga juu ya mavi imeenda bure, uchafu unaila nguvu yote. Tukaanza kukwangua maranda yote mpaka sakafu, yakabebwa mbali yakafukiwa, tukasugua kwa maji ya sabuni, kuta, vichanja, vyombo, mpaka nyavu, tukaacha pakauka kabisa, ndo dawa kwa kipimo cha kwenye chupa sio kwa kukadiria, afu pakakauka tena. Nyufa za sakafu tukaziba kwa saruji. Trei za kadibodi zote, kama 200, nikazichoma, nikanunua za plastiki zinazooshwa, kila mteja nikamwambia trei zangu nina alama, ukinirudishia nyingine sichukui. Wengine wamenuna. Mmoja kaniambia siku hizi najifanya mzungu.

Mlangoni mwa kila banda kuna beseni la dawa na viatu vya banda hilo tu, vya bluu la kwanza, vya njano la pili, kijana anaanza na kuku wadogo ndo anaenda kwa wakubwa. Beseni linabadilishwa kila siku, dawa ikishakuwa tope haina kazi. Stoo imewekwa vichanja na mitego ya panya. Daftari lipo, tarehe, mayai, vifo, nani kaingia. Yule mkaguzi wa jiko alipokuja kitu cha kwanza kuomba kilikuwa hilo daftari, kuku kaja kuwaangalia mwisho.

Ah, na kuosha mayai. Mi nilikuwa nayaosha yote kwenye ndoo moja ya maji ya kisima ili yapendeze. Ganda lina maelfu ya vitundu visivyoonekana na utando wake wa asili unaoviziba, ukisugua unautoa, na maji yakiwa ya baridi kuliko yai, yai linanyonya kile kilichopo kwenye ndoo. Yaani ndoo yangu ilikuwa inayaambukiza yale masafi. Sasa hivi naokota mara 3 kwa siku, viota vina maranda safi, lenye doa dogo linafutwa kwa kitambaa kikavu, lenye uchafu mwingi halitoki nje ya nyumba hii, linachemshwa likawa gumu. Na nyie vijana mnaopasulia yai bichi kwenye glasi ya maziwa mkisema ni nguvu, mi simo.

Banda lilikaa tupu wiki 3, dokta akarudi na soksi zake (amechelewa tena, safari hii saa moja na nusu tu), majibu siku 7, safi. Kuku wapya wadogo wameingia wiki iliyopita, nao atawapima kabla hawajaanza kutaga.

Malalamiko yangu yaliyobaki. Bei hakuitaja yote mwanzoni, alisema ya maabara, kuja kuambiwa na mafuta ya pikipiki na vifaa ilikuwa siku ya pili, angesema toka mwanzo ningejipanga. Anipe hata karatasi moja ya Kiswahili yenye maelekezo, sio voisi noti 14 za wasap ambazo nyingine upepo mtupu. Na simu apokee.

Bei sasa: mimi kwa mabanda mawili, raundi ya kwanza, ilinitoka 210,000 na kila kitu, raundi ya pili ya banda moja 95,000, risiti nimepewa zote. Yule wa kisosi alinila 70,000. Dokta anazunguka Jumanne na Jumamosi, Lindi anakwenda mkiwa watatu au zaidi mnaochangia mafuta, mwambieni saa 12 asubuhi ili afike saa 3.